Papa Huissier na Mulango ya Mukubwa

Watoto wangu wananiuliza kwa nini, siku Papa Huissier anatajwa, mimi ninanyamaza. Wanafikiri nilimukasirikia na sikumusamehe. Hapana. Ili usamehe mutu, kwanza lazima ujue ni nani alikukosea. Mama yangu alikufa kule kwetu Yanonge bila mimi, kwa sababu kwenye kazi nilinyimwa ruhusa ya kwenda, na miaka mingi imepita bila mimi kujua ni nani aliyeninyima. Papa Huissier peke yake alijua. Kwa hiyo nitamusema yeye vile nilimuona, kisha nitasema vile aliniambia.

Huissier, kwa wale hawajui ofisi za serikali, ni mutu wa kukaa kwenye kiti mbele ya mulango ya mukubwa. Kazi yake ni kusema nani aingie na nani angoje. Wetu alikuwa murefu, mwembamba, wa shati nyeupe iliyofuliwa mpaka kola ikawa laini kama kikwembe ya kubebea mutoto. Ofisi yenyewe iko Makiso, katikati ya muji, sitaitaja jina. Ni nyumba ya zamani, yenye korido ndefu ya saruji nyekundu, na kule mwisho mulango ya mbao nzito. Mimi nilikuwa mama wa kusafisha. Saruji ile niliijua kwa magoti yangu.

Ila ufagio yangu ilikuwa na mwisho. Nilifagia korido yote mpaka kwenye kipande ya zulia mbele ya ile mulango, na pale Papa Huissier alisimama, akanyoosha mukono, akachukua ufagio na ndoo, akaingia nazo, akafunga. Yeye ndiye alisafisha mule ndani. Akimaliza alitoka, akanirudishia ufagio kwa mikono mbili, kama vile unamurudishia mama mutoto wake. Wakubwa walikuja na walienda, ile desturi ilibaki. Siku moja nilimuambia, Papa, wewe mwanaume unafagia, mimi waliniandika kazi ya nini? Akanijibu: "Mama, mule ndani hata vumbi iko na siri." Nilimuangalia nione kama anacheka. Hakucheka.

Kwenye kazi hakuinua sauti hata kidogo. Alisema kwa mudomo ya mbele, kama mutu karibu na mugonjwa. Na maneno yake ilikuwa machache, na mukubwa kwake ni chef. Chef iko. Chef anafikiri. Ngoja. Ukimuuliza kama chef amefika, chef iko. Ukimuuliza dossier, faili yako, imefika wapi, chef anafikiri. Ukikasirika, anakuonyesha benchi na mukono wazi, kwa adabu sana, na adabu ile ndiyo ilikuwa inachoma. Vijana wa bureau walimuita Vice-Directeur, naibu wa mukubwa. Walimuita hivyo mbele yake pia, na yeye aliitika, hakuona kama ni matusi.

Bon, niseme ukweli, si yeye aliyetengeneza ile korido. Alikuta watu wanaogopa, akakaa katikati. Chef wa bureau wetu, aliyekuwa chini ya Mukubwa, alikuwa mutu wa masomo makubwa, baba wa watu wazima, na bado nilimuona akitembea pale korido akifanya mazoezi ya ombi lake. Alifunga vifungo ya koti, akafungua, akafunga tena. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mutoto anayejifunza katekisimu. Akifika kwenye zulia, Papa Huissier anamupima toka viatu mpaka kichwa na kumuambia polepole kwamba tonton, mujomba wangu, koti iko muzuri, lakini chef anafikiri. Na ule mutu mukubwa anarudi kwenye meza yake, anatukana wadogo wake kwa sababu ya kalamu.

Sisi wa chini tulikuwa tunasema Papa Huissier amezaliwa na ile kiti. Lakini nilimuona siku moja kwenye saruji yangu, na tangu siku ile sikumucheka tena. Asubuhi ile Mukubwa alikuwa ndani kweli. Wageni walikuwa wametoka Yahuma kwa mambo ya mashamba yao, wamekaa kwenye benchi na miguu yenye vumbi. Tukasikia kelele ndani. Mulango ikafunguka, makaratasi ikaruka mpaka kwenye miguu ya wageni, na Mukubwa akasimama pale akimuita Papa Huissier mutu wa pori, kichwa tupu, mbele ya watu wote. Mulango ikafungwa kwa nguvu. Papa Huissier alipiga magoti akaokota, moja moja, akizipanga. Nilishuka nimusaidie. Akaniambia chini ya sauti niache. Alipomaliza alisimama, akapanguza magoti, akageukia wageni.

"Chef anawasalimia," akasema. "Anafikiri."

Wageni wakamushukuru.

Sasa, mutu yule yule, umuone kwenye matanga. Alikuwa mutu wa mto, wa upande wa Isangi, na kilio ya mutu yeyote wa kazi ilimukuta wa kwanza kufika. Alibeba mabenchi kwenye kichwa, alisimamisha bâche, turubai ya kivuli, aliwasha moto. Lituma, ndizi za kuponda, alipiga yeye mwenyewe, zikiwa za moto bado, jasho inashuka, na hakuna mama aliyemukosoa. Aliimba kwa sauti nene ya kifua, sauti ambayo kwenye korido hakuna mutu aliyejua kama iko nayo. Alicheka mpaka bega yake inapiga ya jirani. Kwenye kilio ya bwana yangu alikaa na mimi mpaka watu wote wakaisha, hakusema neno la dini wala la ushauri, alinipa tu chai. Hiyo sitaisahau, hata nikitaka.

Lakini hapo hapo kwenye matanga, kijana mumoja alimusogelea akamuomba amusemee kwa chef Jumatatu. Uso ya Papa Huissier ikafa pale pale. Alimuambia kijana kwamba mambo ya chef ninasikia nikiwa kwenye kiti, hapa siko kwenye kiti. Akarudi kuimba.

Mukubwa aliyekuwa pale wakati mama yangu alikufa, alikuja na ukali mupya. Hakuna kutoka bila ruhusa yake, hata mutu afe. Tulifikiri ni maneno. Sentinelle wetu, mulinzi, baba mumoja wa Lubunga kule ng'ambo ya mto, alivuka kwenda kuzika kaka yake bila kuomba. Aliporudi alikuta mutu mwingine amesimama kwenye barrière ya kuingilia, na kofia yake kwenye kichwa. Alisimama ng'ambo ya barabara akituangalia, kama anangoja tumuambie ni mchezo. Kisha akashuka mtoni kwenye pirogue akarudi kwao. Baada ya pale hakuna aliyetoka. Mimi nilikuwa na wajukuu wa kulisha peke yangu. Sikuwa mutu wa kucheza na ile mambo.

Ule Mukubwa aliishi kwenye nyumba nyuma ya ofisi, na chumba yake ya kazi ilikuwa na mulango ya nyuma ya kutokea kwenye parcelle, kiwanja yake. Kwa hiyo hatukumuona akifika wala akitoka. Tulimujua kwa vitu. Gari yake ilikuwa kwenye uwanja, dereva anaiosha kila asubuhi. Ventilateur, ile feni, iliimba nyuma ya mbao. Papa Huissier akifungua kidogo kupita na makaratasi, uliona kiti ya Mukubwa imegeukia dirisha, na kwenye mugongo ya kiti veste, koti ya rangi ya majivu. Aliingia na gilasi ya maji, alitoka na gilasi tupu. Mara nyingine tulisikia kikohozi, kavu, ya mutu anayesoma. Tukisikia kikohozi, sisi wote kwenye korido tulishusha sauti. Courant, umeme, ikikatika, ventilateur inanyamaza, mutu anasema, chef sasa anasikia joto. Tukamuhurumia.

Dactylo wetu, bibi wa kupiga mashini ya kuandika, wa familia ya Waislamu wa zamani wa hapa, alikuwa amezaa na amerudi kazini haraka. Siku moja tukamuona anatoka saa sita mchana kwenda kunyonyesha, na kesho yake tena, na Papa Huissier anamuangalia akipita bila kumuzuia. Tulishangaa. Tukasema, kumbe chef naye iko na roho.

Ni hiyo ilinipa moyo.

Ndugu yangu wa mwisho alinipigia simu toka Yanonge, akisimama kwenye kilima pale réseau ya simu inapatikana. Alisema mama amelala, hali chakula tena, ananiulizia mimi. Kwetu, mutoto muke wa kwanza ndiye anamuosha mama yake siku ya mwisho. Mwingine akimuosha, watu hawasemi kitu, lakini wanaangaliana. Na mama mwenyewe alikuwa ameniambia zamani, tukiwa tunaosha bibi yangu, kwamba mikono itakayomuosha yeye ni hii yangu. Alinishika mikono akisema hivyo, maji ikidondoka.

Nilivaa kikwembe, kitenge yangu ya misa. Nilifunga kitambaa ya kichwa vizuri. Nikaacha ufagio kwenye ukuta, nikaenda nikasimama kwenye ile kipande ya zulia.

"Papa," nikamuambia, "ninakuomba uniombee kwa chef. Mama yangu iko kwa mwisho. Ninaomba kwenda Yanonge."

Alisimama, akarekebisha kola. Akaingia, akafunga. Nilisikia sauti yake kupitia mbao, ya chini, ya heshima, inapanda na kushuka vile mutu anaeleza jambo. Kisha kimya. Kimya ile ilikuwa ndefu, na ventilateur inazunguka ndani yake. Alipotoka hakuniangalia kwenye macho.

"Chef hajasema kitu. Ngoja, Mama."

Nikangoja. Nilikaa kwenye benchi pale watu wa Yahuma walikaa. Watu walipita wakinipa pole. Chef wa bureau alinipa pole akipita kwenye ukingo ya korido, mbali na mulango, kama balaa yangu inaweza kumupata. Jioni ikafika. Kesho yake nikavaa tena ile kikwembe, nikasimama tena, nikasema tena maneno yale yale, na Papa Huissier akaingia tena. Sauti yake, kisha kimya. Chef hajasema. Kwenye beach, bandari ya mto, baleinière, boti ya kushuka Yanonge, iliondoka, niliisikia ikipiga honi kule mtoni nikiwa kwenye benchi. Simu ilipolia, ndugu yangu alilia kwanza ndipo akasema. Mudogo wangu wa kike ndiye aliyemuosha mama. Mpaka leo hatujaongea ile jambo, mimi na yeye. Tukikutana anaficha mikono kwenye kikwembe, hajui kama ninaona.

Nilichukua ndoo yangu. Papa Huissier aliponiona nikipita, alisimama kwenye kiti. Kwa watu wa chini hakusimama kamwe.

Tangu siku ile nilimuchukia ule mutu wa ndani. Kila asubuhi, ufagio yangu ikifika kwenye zulia, nilimulaani kwenye roho, kwa jina na kwa cheo. Nilisema, wewe mwenye veste ya majivu, ulizaliwa na nani? Nilisikia kikohozi yake nikasema, ikukabe. Mimi ni Mukristu, na nilisema hivyo.

Alors, ikaja mise en place. Kule Kinshasa walibadilisha wakubwa wa kila mahali, na wetu mupya alifika bila kutangaza, na vijana wake wenye mikoba. Alipita korido, akafika kwenye zulia, na Papa Huissier akasimama mbele yake akamuambia chef iko, angoje kidogo. Ule mupya alimuangalia muda. Akamusogeza pembeni kwa mukono, akafungua mulango yote.

Sisi wote tulikuwa tumesimama nyuma. Ventilateur ilikuwa inazunguka. Meza ilikuwa safi kuliko sahani ya misa. Makaratasi yetu yote, maombi yetu ya myezi na myezi, yalikuwa yamepangwa kwenye meza, kona kwa kona. Veste kwenye kiti. Hakuna mutu.

Kijana mumoja wa ule mupya akacheka. Akasema kwa sauti, kila mutu asikie, kwamba ule wa zamani aliondoka kwenda Kinshasa tangu kabla ya musimu ya mbinzo, hakurudi tena, kule kwao wote wanajua. Mbinzo, wale viwavi wa kula, tulikuwa tumewala, tumewakausha, tumewamaliza. Tulicheka. Ninasema kweli, kwanza tulicheka. Chef wa bureau alicheka mpaka akashika ukuta. Dereva alianza kusema kwamba yeye aliambiwa tu aoshe gari, hakuulizwa iko ya nani. Hata hatukuona aibu kusema kwamba hatukuona tofauti: wakati Mukubwa alikuwepo, makaratasi ilikuwa inalala vile vile.

Kisha kicheko ikakauka. Kila mutu pale korido alikuwa na jambo aliloomba. Mumoja aliomba kuhamishwa arudi kwa muke wake Isangi. Mwingine aliomba atibiwe macho. Watu walianza kuangaliana, na nilijua wanafikiria kile ninachofikiria mimi. Tulizunguka Papa Huissier. Hakuna aliyemupiga, ila tulikuwa karibu. Tulimuuliza ni nani alikataa, ni nani alikohoa, ni nani alikunywa ile maji. Alisimama na mikono kwenye mapaja kama askari wa zamani.

"Chef alisema yeye iko," akajibu.

Ule mupya alimupeleka kwenye chumba ya mafaili ya zamani, na siku alipoacha kazi hakuna aliyemupigia makofi. Wale aliowabebea mabenchi kwenye vilio yao walipita pembeni yake sokoni. Mimi pia nilipita.

Sasa nilikuwa ninafagia mule ndani, maana mukubwa mupya hakutaka ile desturi. Mimi si mutu wa kuamini mambo ya mizimu. Lakini nilifagia na mulango wazi. Nilifagia chini ya ile kiti na nilikuwa ninasikia mugongo wangu baridi, kama mutu amesimama pale anangoja nimalize. Nilikuwa nimemulaani mutu asiyekuwepo, na laana ile sikujua imeenda wapi. Usiniambie haina kitu. Umupige mutu jiwe gizani ukakosa, jiwe bado imeanguka mahali.

Kisha ile hasira ilipata mahali pa kukaa. Nilikumbuka dactylo. Yeye alipata ruhusa. Ni nani alimupa, kama ndani hakuna mutu? Ni Papa Huissier. Basi alikuwa na neno la ndiyo kwenye mudomo yake, akamupa mwingine, mimi akaninyima. Mutu aliyenipa chai kwenye kilio ya bwana yangu. Nililala na hiyo, nikaamka nayo. Nilimuuliza dactylo, akasema hajui, aliambiwa tu aende, akaenda. Miaka ikapita hivyo. Niliacha kazi, magoti ikakataa. Na kila nikisikia ventilateur mahali, kwa jirani, kwenye dispensaire, ninageuza kichwa.

Binti wa Papa Huissier anauza kwanga, ile mikate ya muhogo, kwenye soko ya Mangobo. Mwaka huu aliniambia baba hatembei tena vizuri, na anaulizia watu wa kazi, anaulizia sana mama wa korido. Nikamuambia nitakuja. Sikusema lini. Jumapili moja, nikitoka misa, nilimusimamisha toleka, nikapanda kwenye baiskeli yake nikaenda kwao Kabondo kabla roho haijabadilika.

Nilimukuta sebuleni, kwenye mukeka, mugongo kwenye ukuta. Amekauka, lakini shati ilikuwa nyeupe. Alinijua kwa sauti, macho ilikuwa imefifia. Binti alileta chai akatoka kwenda kwenye moto yake. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za nani amekufa. Chai sikuigusa. Nilimuambia, Papa, sikuja kukutembelea. Nimekuja kuuliza. Akasema anajua.

"Ile siku ya mama yangu," nikasema. "Ni nani alikataa?"

Nilifikiri ataniambia chef anafikiri, na nilikuwa nimeamua, akisema hivyo, nitasimama nitoke.

"Niliingia," akasema. "Nikasimama mbele ya meza. Nikasema, chef, mama wa kusafisha anaomba kwenda Yanonge, mama yake anakufa. Nilisema yote, Mama. Na heshima yote."

"Ulisema kwa nani? Mule ndani hakukuwa na mutu."

"Hakukuwa."

"Kisha?"

"Kisha nikangoja."

"Ulingoja nini, Papa?"

"Jibu," akasema.

Niliangalia kama akili yake imeenda. Haikuenda. Alinieleza polepole. Mukubwa siku ya kuondoka alimuambia, watu wakijua siko hawatafanya kazi, kwa hiyo mimi niko, hata kama siko. Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Kisha simu yake haikupita tena. Papa Huissier alifikiri itapita kesho. Akaendelea kuingia, kusafisha, kuwasha ventilateur, kunywa ile maji, kukohoa ili mutu asijue. Na watu wakileta maombi, aliingia akayasema mbele ya kiti, maana tangu ujana wake alikuwa hivyo, mutu anaomba, yeye anaingia anasema, anangoja anatoka. Angeacha kusema, angekuwa mutu amekaa tu kwenye korido. Mara nyingine, akiwa amesimama pale, alisikia kama jibu inakaribia. Alikuwa anaogopa kutoka kabla haijafika.

"Na dactylo?" nikamuuliza. "Yeye alijibiwa na nani?"

"Yule hakuniambia nimuombee. Alikuja maziwa imemwagika kwenye blouse, analia. Nilimuambia enda. Ilinitoka tu. Sikuingia ndani. Juma ile yote nilitetemeka." Alitafuta uso wangu na yale macho yake. "Wewe ulivaa kikwembe ya misa. Ulisimama kwenye zulia. Ulisema, niombee kwa chef. Nami nilikuombea. Ungeniambia mimi, Mama, ningekuambia enda."

Kule nje binti alikuwa anageuza kwanga zake kwenye sufuria. Nilitaka kumupiga ule muzee. Nilitaka pia kumufunga kola, maana ilikuwa imefunguka. Sikufanya hata kimoja. Nilikaa na mikono yangu kwenye mapaja, hizi mikono ambazo hazikuosha mutu, na nikaelewa kwamba miaka yote hii nimekuwa ninatafuta mutu aliyesema hapana, na hakuna mutu aliyesema hapana. Kulikuwa na kiti. Kulikuwa na muzee mumoja amesimama mbele yake, na mimi nimesimama nyuma ya mulango, sisi wawili tunangoja kitu kimoja.

Nikasogea kwenye mukeka mpaka karibu naye.

"Basi sasa ninakuambia wewe," nikasema. "Simuambii chef. Mama yangu iko kwa mwisho kule Yanonge. Ninaomba kwenda."

Alinyamaza muda murefu, na katika ile kimya niliogopa, mimi muzee wa wajukuu, niliogopa kabisa kwamba ataniambia ningoje. Alinyoosha mukono akatafuta wangu, akaupata.

"Enda, Mama," akasema.

Nikasimama, nikaenda. Sikuaga binti. Nilitoka kwenye parcelle, nikashika barabara ya kuelekea mtoni, kule baleinière ya Yanonge inaondokea, na toleka aliniita nikapita, na watoto waliokuwa wanacheza pale waliacha mpira yao wakaangalia, mumoja akaambia wenzake koko, yule bibi, anakimbia. Walicheka. Kweli nilikuwa ninakimbia.